Kituo cha Falaki cha Leiden, tangu 1633

Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianzisha kituo chake cha falaki mwaka 1633, kwenye paa la jengo la chuo. Katika vituo vya vyuo vikuu vinavyoendelea na kazi hadi leo, hiki huhesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote. Mwanzilishi wake, Jacobus Golius, alifundisha hisabati na pia Kiarabu. Alikuwa amesafiri Moroko na Shamu, akarudi na miswada mingi, ikiwamo majedwali ya nyota ya Ibn Yunus wa Kairo.

Leiden ni mji wa mawingu. Mkurugenzi Frederik Kaiser alikijengea kituo jengo jipya mwaka 1861 na kukipa sifa ya vipimo makini, lakini anga ilibaki ileile. Ikabidi wanafalaki wake wasafiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuja Kenya, kwenye mstari wa ikweta wenyewe. Mawingu si tatizo pekee: hewa hupinda mwanga wa nyota, nyota ikaonekana juu kuliko ilipo, na hapo vipimo vya kimo huharibika. Lakini kupinda huko ni kwa juu na chini tu, si kwa kando. Kwenye ikweta nyota huchomoza wima, na pale inapojitokeza, kaskazini au kusini ya mashariki halisi, panaonyesha moja kwa moja iko mbali kiasi gani na ikweta ya anga. Wakapima kwa kando, na hewa isiwadanganye. Baada ya Vita Vikuu vya Pili walirudi tena. Kwangu mimi, kupima huku kwa kando ni wazo zuri kuliko darubini yoyote waliyowahi kununua.

Mwaka 1944, Uholanzi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, kijana Hendrik van de Hulst alijibu swali la Jan Oort, mwanafalaki wa Leiden, kwa kukokotoa kwamba hidrojeni ya angani hutoa mawimbi ya redio ya sentimita 21. Mawingu hayayazuii. Mwaka 1951 Wamarekani waliyanasa kwanza. Wiki chache baadaye Oort na mhandisi Muller wakayapata kwa antena ya rada iliyoachwa na Wajerumani, na kwa mawimbi hayo mikono ya Njia Nyeupe ikachorwa. Oort alikiongoza kituo hadi 1970.

Walimu wa jiografia wa Nanyuki na Maseno, wapelekeni wanafunzi nje alfajiri, waone nyota zikichomoza wima, na waambieni kwamba kuna watu waliovuka bahari kuja kuzipima nchini humu.