Selimundu, kisukari na virusi vya mapafu (Bukoba na Muleba)

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kihatarishi cha kurithi kilicho wazi zaidi cha kuugua vibaya mafua makali au UVIKO-19 ni selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Imedumu kwa sababu ya malaria, ugonjwa uliozoeleka Muleba: anayerithi kinasaba kimoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, anayerithi viwili huumwa. Virusi vikishuka kifuani mwa mgonjwa, oksijeni hupungua, chembe nyekundu za damu hupinda na kuziba mishipa midogo ya mapafu. Mtoto mwenye selimundu hulalamika kifua kinabana, hupumua harakaharaka, na namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni huteremka. Wengu wake ukiwa umeharibika, nimonia ya bakteria hudandia.

Vihatarishi vya kimetaboli ni kisukari cha aina ya 2 na unene. Sukari nyingi hulegeza chembe nyeupe za damu zinazopambana na virusi.

Kihatarishi kingine cha kurithi cha UVIKO-19 kali, kipande cha kromosomu ya 3 kilichorithiwa kutoka kwa binadamu wa kale wa Neanderthal, ambacho wanasayansi Hugo Zeberg na Svante Pääbo walikieleza mwaka 2020, ni cha kawaida Asia ya Kusini lakini karibu hakipo Afrika.