Dungusi na Kobe: Chakula Kinachojihifadhi Chenyewe

Leo tutasoma habari za mmea uitwao dungusi kakati. Wengine huuita mpungate. Tutaona ulikotoka, kwa nini kobe huupenda, na jinsi mmea huo huo ulivyowafaa watu mahali pamoja na kuwatia taabuni mahali pengine.

Tuanze hapa Kariakoo. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam. Wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi mahali hapa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na wenyeji wakatamka Kariakoo. Kazi ya wapagazi ilikuwa kubeba mizigo na chakula cha askari.

Hata leo chakula ni kazi kubwa ya Kariakoo. Lakini kila mwuzaji wa mboga anajua taabu moja: fungu la mchicha likikosa mnunuzi asubuhi, jioni limekwisha nyauka. Afugaye kobe uani anaijua pia taabu hiyo. Kobe hula polepole, lakini hula kila siku.

Kipande cha dungusi hakinyauki upesi. Vile vipande vinene, bapa kama sahani, watu huviita majani, lakini kwa kweli ni shina. Ndani yake kuna maji mengi. Matundu yake ya kuvutia hewa hufunguka usiku, jua likiwa halipo, kwa hiyo maji hayapotei ovyo. Ngozi yake ni kama nta. Ukikata kipande kizima kisicho na jeraha, ukakiweka kivulini, hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Tena ukikisahau juu ya udongo, huota mizizi chenyewe.

Je, mmea huu ulitoka wapi? Ulitoka bara la Amerika, zaidi nchi ya Meksiko. Wenyeji wa huko walikula vipande vyake na matunda yake maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Hata bendera ya Meksiko ina picha ya tai aliyetua juu ya dungusi. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, Wahispania waliuchukua mpaka Ulaya, na kutoka huko ukaenea duniani kwa meli. Ni rahisi kuuchukua, maana kipande kimoja hutosha kuanzisha shamba.

Kobe nao waliujua zamani. Katika visiwa vya Galapagos, Bahari ya Pasifiki, wako kobe wakubwa sana. Mwaka 1835 mtaalamu Mwingereza Charles Darwin alifika huko. Aliandika kwamba kobe wa visiwa visivyo na maji hula zaidi dungusi. Basi kwao mmea huu ni chakula na kisima pia.

Sasa sikilizeni kisa cha Bukini, kisiwa tunachokiita leo Madagaska. Mwaka 1769 Mfaransa mmoja alileta dungusi Fort-Dauphin, kusini ya kisiwa. Nchi ya Androy, huko kusini, ni kavu mno. Watu wakapanda dungusi kuzunguka vijiji. Kiangazi walichoma miiba, wakawalisha ng'ombe wao. Wao wenyewe walikula matunda. Hivyo wakaishi, wakategemea mmea mmoja.

Katika miaka ya 1920 kililetwa kisiwani kidudu kidogo kinachonyonya dungusi. Hujifunika utando mweupe kama pamba, na ukikiponda hutoa rangi nyekundu. Kikaenea kusini kwa upesi. Kabla ya miaka kumi kwisha, dungusi la zamani lilikuwa limekauka. Ng'ombe wengi walikufa, njaa ikaingia, watu wakahama kutafuta kazi mbali. Baadaye aina nyingine za dungusi zilipandwa, na leo kobe wa huko hula vipande vyake tena.

Laikipia, Kenya, kisa ni kinyume chake. Huko dungusi lililoletwa kutoka nje lilienea lenyewe mpaka likafunika malisho ya wafugaji. Miiba ya matunda yake huumiza vinywa vya mbuzi. Katika miaka ya karibuni watu wamekileta kwa makusudi kidudu cha namna ile ile, ili kipunguze dungusi.

Mnaona, ndugu? Mmea ni mmoja, na nguvu yake ni moja: kukaa na kuota upesi. Palipo na uangalizi nguvu hiyo ni akiba. Pasipo na uangalizi ni hasara.

Basi mwenye kobe wa halali afanye hivi:

1. Akate kipande kilichokomaa, akwangue miiba mikubwa na ile midogo kama nywele, au aichome motoni.

2. Vipande vya akiba aviweke kikapuni, kivulini, penye hewa. Asivitie katika mfuko wa plastiki, maana vitatoa jasho na kuoza.

3. Cha kupanda akiache kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke. Kisha akipande katika debe lililotobolewa chini, lenye udongo na mchanga. Maji yawe machache. Wakati wa masika debe likae mahali pasipojaa maji.

4. Amlishe kobe dungusi mara moja moja tu, pamoja na nyasi na majani mengine.

5. Masalio asiyatupe mtaroni wala uwanjani. Yataota.

Tena jihadharini na mnyaa wa uani. Mnyaa si dungusi. Ukiukata hutoa maziwa meupe, na maziwa hayo ni sumu, huweza kupofusha macho.

Neno la mwisho ni juu ya kobe mwenyewe. Mwaka 1919 kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli walitolewa zawadi Zanzibar, wakawekwa kisiwa cha Changuu. Walizaana wakafika kama 200 mwaka 1955. Kisha wezi wakawachukua kuwauza, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu, ndipo wakajengewa ua wa kuwalinda. Kobe wa porini, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hawafugwi Tanzania Bara bila kibali. Aliyeokota kobe njiani asiseme, "Nimepata mali." Aulize kwanza ofisi ya wanyamapori.

Kwaherini, ndugu, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini dungusi hukaa siku nyingi kuliko mchicha?

2. Watu wa Androy walikosea wapi, au hawakukosea? Toa sababu zako.

3. Je, nyumbani kwako mnategemea chakula kimoja tu? Kikikosekana mtafanya nini?

4. Andika sentensi tatu juu ya mmea mmoja ulioletwa kwetu kutoka nchi nyingine.