Dominika Moja ya Kwaresima kule Malawi



Wapendwa taifa la Mungu, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa parokia alinishika mkono akaniambia kwa upole: "Padre, tuhubirie Injili, siasa waachie wenyewe." Sikumjibu papo hapo. Leo namjibu kwa kisa cha jirani zetu wa Ziwa Nyasa.

Malawi ilipata uhuru mwaka 1964. Mwaka 1971 Dk. Hastings Kamuzu Banda alitangazwa kuwa Rais wa maisha. Chama kilikuwa kimoja, na neno moja la kukosoa liliweza kumfikisha mtu kizuizini. Watu walijifunza kunong'ona. Tuseme kweli: Kanisa nalo lilinyamaza kwa miaka mingi, likiendesha shule na hospitali zake kwa tahadhari.

Ndipo ikafika Dominika ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992. Katika makanisa Katoliki ya nchi nzima ulisomwa waraka wa kichungaji ambao jina lake kwa lugha yetu ni "Kuishi Imani Yetu". Ulikuwa umetiwa sahihi na viongozi saba wa majimbo yote, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre. Nakala zipatazo 16,000 zilikuwa zimechapishwa kwa siri.

Waraka ulisema nini? Haukumpigia debe mtu yeyote, wala haukudai vyama vingi. Ulianzia kwenye hadhi ya mwanadamu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Kisha, kwa mwanga huo, ukatazama maisha ya kila siku: pengo kati ya matajiri wachache na maskini wengi, madarasa yaliyofurika, uhaba wa dawa na wahudumu wa afya, haki isiyopatikana mahakamani, na hofu ya kusema kweli. Uliwakumbusha watu methali yao wenyewe, kwamba kichwa kimoja hakibebi paa.

Siku chache baadaye maaskofu waliitwa na polisi, wakahojiwa kwa saa nyingi. Waraka ulitangazwa kuwa wa uchochezi. Monsinyori John Roche, raia wa Ireland aliyekuwa msimamizi wa Jimbo la Mzuzu, alifukuzwa nchini. Hata hivyo neno lilikuwa limekwisha kutoka. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, Wapresbiteri nao wakapaza sauti, na mwezi Mei wafadhili wakasimamisha misaada. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakachagua vyama vingi. Mei 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi, akaondoka madarakani bila vita.

Mzee wangu, katika jambo moja uko sahihi kabisa. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa inatukataza sisi makleri kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Ukiniona altareni nimevaa rangi za chama, unikemee. Lakini mtoto anayekaa sakafuni darasani na mama anayekosa dawa zahanati si mali ya chama chochote. Ni watoto wa Mungu, na Injili inawahusu.

Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unawaonya walei wasidhani kwamba mchungaji ana jibu tayari kwa kila swali; kuitia dunia chachu ya Injili ni wajibu wao, kwa dhamiri iliyolelewa vema. Padre anasoma waraka mara moja tu. Mwalimu, muuguzi, karani na mjumbe wa kamati ya shule ndio wanaouishi kuanzia Jumatatu.

Nami nakiri mbele yenu: mara nyingi nimenyamaza, nikauita ukimya wangu busara. Juma hili, katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, kila mmoja ajiulize: ni kweli gani ninayoinong'ona nyumbani, ambayo imani yangu inanidai niiseme hadharani, kwa upendo na bila matusi?

Nawatakieni Dominika njema. Tuombeane.