Mama wa Mateso hakuwa wa kulia tu

Kila Ijumaa Kuu huku kwetu Moding, tukifanya Njia ya Msalaba, kituo cha nne hunigusa: Yesu anakutana na mamake. Picha unaijua. Shela ya buluu, macho juu, machozi. Na baadaye mama akifiwa, anaambiwa "vumilia kama Maria."

Hebu tusome vizuri, wasee. Yohana 19:25 inasema Maria alisimama penye msalaba. Hakuna Injili hata moja inayosema alilia pale. Hata utenzi maarufu wa Kilatini wa karne ya 13, Stabat Mater, jina lake maana yake ni "mama alikuwa amesimama." Upanga aliotabiri Simeoni (Luka 2:35) ulikuwa mmoja, wasanii wakaufanya saba. Na ile Pietà ya Michelangelo, Maria amempakata mwanawe aliyekufa? Aliimaliza mwaka wa 1499 akiwa na miaka 24 tu. Ni kazi kali, sikatai. Lakini hicho kisa hakimo kwenye Biblia, na kimetuzoesha mama aliyeketi kimya.

Sisi Wakenya tuna picha nyingine. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park, Nairobi, pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula. Walitaka watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na rungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya polisi, na kwa mila zetu nyingi hiyo ni laana nzito. Walihamia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wametoka.

Hao walilia, ndio. Lakini hawakuondoka.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya Juni 2024. Mama anashika picha ya kijana wake aliyepigwa risasi kwenye maandamano, sisi tunaishea, tunaandika "pole mum," tunascroll. Tumemfanya sanamu.

Rudi kwa ule mstari wa Yohana. Maria hakuwa peke yake: dada yake alikuwepo, na Maria wa Klopa, na Maria Magdalena. Kwa hivyo usimwambie mama avumilie. Kesi ikitajwa kortini, nenda ukasimame naye.