Nywele za Kipilipili: Matunzo Yake, na Hukumu ya Misuko Wakati wa Josho

Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake.

Suali tunaloletewa mara kwa mara na wazazi wa Bagamoyo, Kaole, Zinga na Mapinga, na pia na jamaa zao wa Unguja waliooa na kuolewa upande ule, ni hili: binti ametoka hedhini, na kichwani ana misuko aliyoilipia pesa juzi tu; je, aifumue? Wengine hawaulizi. Binti huachwa bila ya swala siku mbili tatu mpaka misuko ichakae. Hilo ndilo lililotufanya tuandike, kwa sababu swala haisubiri misuko.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika mwambao na visiwa vyetu, linalotakiwa katika josho la faradhi ni maji kufika kwenye nywele zote, ndani na nje, na kwenye ngozi ya kichwa. Yakifika bila ya kufumua, si lazima kufumua. Yasipofika, misuko ifumuliwe, hata kama imesukwa jana. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Ummu Salama (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu songo lake alilolikaza, naye akamfahamisha kuwa halazimiki kulifumua, inamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Mahanbali wametofautisha: kwa janaba hafumui, kwa hedhi anafumua. Mwenye kuchukua kauli hiyo kwa ihtiyati amefanya vizuri, lakini asimlazimishe mwenziwe.

Kwa vitendo, twende kilioni na misuko mingine ya nywele za mtu mwenyewe hupitisha maji vizuri, akimimina polepole na kubinya kwa vidole. Zenye shida ni rasta nyembamba zilizokazwa na jeli iliyogandia. Mafuta ya maji, kama ya nazi, hayaharibu josho. Yaliyoganda yakafanya utando huondolewa kwanza. Ama udhu, kwa Shafi kupaka maji sehemu ya kichwa kunatosha, kwa hiyo hapo hakuna wa kutoa udhuru wa nywele.

Tukirudi kwenye nywele zenyewe, majumbani mwetu singa huitwa nywele nzuri, na kipilipili huitwa ngumu au mbaya, na mtoto wa miaka sita analisikia hilo huku anachanwa akilia. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa nywele za Mtume hazikuwa za kipilipili kabisa wala singa tupu, bali kati na kati. Na katika Abu Daud imepokewa amri ya mwenye nywele kuzikirimu, wala hapakubaguliwa nywele za aina moja na nyengine. Ugumu mwingi tunaoulalamikia unatokana na namna tunavyozichana.

Unywele wa kipilipili umejikunja tokea kwenye ngozi. Mafuta ambayo Allah ameyaweka kichwani huteleza kwa wepesi kwenye singa, lakini kwenye mizunguko hayafiki nchani, kwa hiyo nywele hukauka, na kila pindo ni mahali pepesi kukatika. Kichana chembamba kikipitishwa juu ya nywele kavu, zinazobaki kwenye meno yake nyingi zimekatika, hazikung'oka. Kwa hiyo nywele zigawiwe mafungu manne, zirowanishwe, zipakwe mafuta kidogo, kisha zichanwe kwa vidole au chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kurudi shinani. Kuzikosha mara moja kwa wiki kunawatosha wengi. Hata Sunna haikutaka mtu ashinde na kitana: imepokewa katika Tirmidhi katazo la kuchana kila siku, ila siku moja na kuacha moja.

Karibu na bahari visima vingi vina maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu na nywele hubaki zimekakamaa, hapo mama humlaumu mtoto kwa nywele zake. Wakati wa masika kinga maji ya mvua, yafanye ya suuza ya mwisho. Mafuta hufuata maji, yakiwa bado nywele zina unyevu. Ukiyapaka kwenye nywele kavu unazing'arisha tu. Mafuta ya nazi ya nyumbani, tui likichemshwa kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge, hayana mfano, nayo Bagamoyo haina uhaba wa minazi. Majani ya mkunazi yaliyopondwa husafisha bila ya kukausha sana. Hayo ndiyo aliyoamrisha Mtume aoshwe binti yake alipofariki, na Ummu Atiyya (r.a.) amesimulia kuwa walizisuka nywele za maiti yule misuko mitatu.

Wanaovaa mtandio kutwa wasifunge nywele mbichi, kwani kichwa hutoa harufu na kuwasha. Na misuko inayomvuta mtoto mpaka macho yanamkaza ifumuliwe siku hiyo hiyo, maana ndiyo inayokimbiza nywele za kwenye paji. Mapunye si uchafu wala husda. Ni fangasi, hutibiwa hospitali kwa vidonge, na kichana cha mgonjwa kisitumiwe na wengine.

Dawa za kunyoosha, wengine wakiita kalikiti, hatuwezi kuziharamisha kwa sababu tu zinanyoosha. Linalotazamwa ni madhara. Nyingi zina magadi makali yanayounguza ngozi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497: waliotumia dawa hizo zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa asilimia 4.05 watapata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia miaka 70, na wasiotumia asilimia 1.64. Huo ni uhusiano, haujathibitisha sababu. Hata hivyo, kumpaka dawa hiyo mtoto wa skuli hatuoni njia ya kukuhalalisha.

Kuunga nywele za binadamu ni haramu, na hadithi ya laana kwa muungaji na muungwaji imo katika Bukhari na Muslim. Mama mmoja aliomba ruhusa kwa ajili ya binti yake aliyenyonyoka nywele kwa maradhi, hakupewa. Rasta za nailoni wanazuoni wamekhitilafiana. Sisi tunawanasihi mabinti waziache, khasa zikifanana na nywele. Kusuka kwa uzi, unaoonekana wazi kuwa ni uzi, hakuna ubaya, na ni ada ya bibi zetu inayozirefusha nywele bila ya moto wala dawa.

Wallahu a'lam.