Kiti cha Diwani Kigoma Ujiji

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walikuta mji ambao sauti ya mwisho haikuwa ya mtu mmoja. Wajiji walikuwa na wakuu wao, na ngazi ya chini alikuwapo mteko, aliyeshughulikia soko na ushuru. Waarabu na waungwana wa pwani walijenga na kufanya biashara mjini humo, na kila mgogoro wa pembe au wa watumwa ulimalizwa kwa mazungumzo marefu na zawadi. Aliyefanikiwa kuliko wote kwa mtindo huo ni Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima aliyeoa binti wa mkuu mmoja wa Wajiji. Alikaa kwa wakwe zake miaka mingi kabla Sultani Barghash hajamtambua rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kumpa bendera ya Unguja. Kwa maneno mengine, alikuwa mwakilishi wa wenyeji na wa wageni kabla hajawa mteule wa mtu yeyote.

Baada yake wateule ndio waliotawala. Wajerumani walifungua kituo chao Ujiji mwaka 1896. Reli ya kati ilipofika ziwani mwaka 1914 ilikwenda Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, ikaiacha Ujiji na ufuko wake wa maji mafupi kilomita chache kusini. Wabelgiji wakakalia mji kuanzia 1916 hadi 1921, Waingereza wakafuata. Kwa miongo yote hiyo mwenye neno mjini alikuwa bwana mkubwa wa wilaya, na chini yake liwali. Mkazi wa Ujiji mwenye kero ya maji au ya kiwanja alipeleka maombi. Kura hakuwa nayo.

Hata baada ya uhuru, halmashauri hazikudumu. Sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 ilizivunja, kazi zake zikahamia kwa maofisa wa serikali kuu. Huduma za miji zilidorora kiasi kwamba Bunge lilizirudisha halmashauri za miji mwaka 1978, kisha likatunga Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa manispaa. Diwani akarudi, ila kwa tiketi ya chama kimoja.

Kigoma iliuchukua mfumo wa vyama vingi mapema na kwa kishindo. Mwaka 1994 jimbo la Kigoma Mjini lilikuwa na uchaguzi mdogo. CCM ilimsimamisha Azim Premji, mfanyabiashara. CHADEMA ikamleta Dk. Aman Walid Kabourou. Premji alitangazwa mshindi, Kabourou akaenda mahakamani. Miongoni mwa malalamiko yake yalikuwa mawili ambayo mpiga kura yeyote wa Ujiji angeweza kuyaeleza barazani kwake: kwamba Redio Tanzania, redio ya serikali, iliipendelea CCM katika matangazo yake, na kwamba barabara ya mjini ilianza kushughulikiwa ghafla wakati wa kampeni. Mahakama Kuu ilitengua matokeo, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo, na hukumu hiyo bado inanukuliwa na mawakili wa kesi za uchaguzi. Kabourou akashinda ubunge mwaka 1995 na tena mwaka 2000.

Kesi hiyo ilihusu ubunge, lakini udiwani nao ulifaidika. Iliwaonyesha vijana wa Mwanga, Gungu na Kibirizi kwamba mtu wa upinzani anaweza kusimama katika mji huu na asionekane mwendawazimu.

Kusimama kwenyewe kuna masharti. Mgombea udiwani awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama. Mgombea binafsi hana nafasi, hata kama ndiye aliyeongoza kata nzima kudai kisima. Kwa hiyo mtetezi wa mtaa huanza kwa kutia nia ndani ya chama, apite kwenye kura za maoni, ndipo awaombe kura majirani zake. Sharti la uraia nalo lina uzito wake mahali hapa. Ujiji ni mji wa Wajiji, Waha, Wamanyema, Wabembe, watu wa pwani na wa ng'ambo ya ziwa, na tangu wimbi la wakimbizi wa Burundi la mwaka 1972 watu wa Kigoma wamelalamika mara kwa mara kwamba uraia wao unahojiwa kuliko wa Watanzania wengine. Katika mji wa namna hii, swali la babu yako alizaliwa wapi ni silaha ya kampeni ya bei nafuu.

Mwaka 2015 mji ulifanya jambo ambalo hakuna mji mwingine nchini uliolifanya: uliipa ACT-Wazalendo, chama kilichosajiliwa mwaka mmoja tu kabla, halmashauri yake pekee. Zitto Kabwe, kiongozi wa chama hicho wakati huo, alikuwa mbunge, na kwa sheria mbunge pia ni mjumbe wa baraza la madiwani. Hussein Ruhava akawa meya. Katika kata 19 za manispaa, ile ya Mwanga Kaskazini ilimchagua msanii Clayton Chipando, anayejulikana zaidi kama Baba Levo. Wapo waliocheka. Mimi naona kata ilijua inachofanya: diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kazi hiyo inahitaji mtu anayesikilizwa hata na wasiohudhuria vikao.

Mwaka 2016 baraza hilo liliingia katika majaribio ya Ubia wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi pamoja na serikali nyingine 14 za mitaa na mikoa duniani, zikiwamo Paris, Madrid, Seoul na, hapa jirani, kaunti ya Elgeyo-Marakwet ya Kenya. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa katika ubia wenyewe, na ushiriki wa Kigoma ukakoma. Madiwani walichaguliwa Kigoma. Uamuzi ulitoka kwingine. Hata mkurugenzi wa manispaa, anayesimamia watumishi na fedha za kila siku, huteuliwa na Rais.

Umbali huo kati ya kura na uamuzi unaonekana vizuri zaidi mwaloni. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Chanja za dagaa Kibirizi na Katonga zilibaki tupu, na mama anayeanika dagaa hakuwa na nauli ya kwenda wizarani. Aliyekuwa na anwani inayojulikana ni diwani.

Mwaka 2020 CCM iliurudisha mji mikononi mwake, ubunge ukienda kwa Kilumbe Ng'enda. Baba Levo naye aliihama ACT na kujiunga na CCM. Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, diwani huyo wa zamani wa Mwanga Kaskazini alitangazwa mbunge wa Kigoma Mjini, akiwa amemshinda Zitto Kabwe, kiongozi wa zamani wa chama kilichompa udiwani. ACT-Wazalendo iliyapinga matokeo hayo.