Meza ya Kitandani: Historia Yake na Haja Yake Nyumbani Kwetu

Kurasa hizi za taarifa ya mwaka huwa na habari za karo, za mazishi na za fedha zilizokusanywa. Safari hii twaomba nafasi tueleze historia ya chombo kimoja ambacho wengi hawakitii maanani, nacho ni meza iwekwayo juu ya kitanda, mbele ya mgonjwa asiyeweza kuondoka. Hapa Usenge, na kandokando yote ya ziwa, ni koo chache zisizo na mtu wa namna hiyo: mzee aliyepatwa na kiharusi, kijana aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki, au mama ambaye viungo vyake vimekaza. Watu hao hutunzwa nyumbani, nao hutunzwa kwa mapenzi. Lakini mara nyingi huletewa sahani wakaiwekewa mahali ambapo mkono haufiki.

Hebu tufikirie chakula chetu chenyewe. Ugali hufinyangwa kwa vidole, na ngege hutolewa miiba kwa mikono miwili, jicho likitazama. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu aliyelala chali, tena ni ya hatari, maana mwiba au tonge huenda likamkwama kooni. Basi asipokuwa na meza mbele ya kifua, hapana budi alishwe. Mzee aliyeongoza boma miaka arobaini hulazimika kufumbua kinywa mbele ya mkaza mwana wake, jambo ambalo kwa desturi zetu ni zito kuliko ugonjwa. Twajua wazee ambao husema wameshiba ili wasilishwe. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika habari hii.

Kitanda chenyewe si cha zamani sana kwetu. Babu zetu walilala juu ya ngozi zilizotandikwa chini, na mgonjwa aliegemezwa ukutani, chungu kikiwekwa kando ya goti lake. Kitanda cha miguu kilienea pamoja na shule, misheni na kazi za mishahara. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901, na misheni ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906. Baada ya mkutano mkuu wa Piny Owacho kule Lundha mwaka 1921, Arkidikoni Owen aliwakusanya watu mwaka 1923 katika chama cha walipa kodi wa Kavirondo, nacho kikahimiza vyoo, upandaji wa miti na usafi wa nyumba. Vyama vya ustawi kama hiki chetu ni wajukuu wa kazi ile. Mgonjwa akainuliwa kutoka ardhini, ikawa jambo jema, lakini hakuna aliyeinua pia mahali pa kuweka sahani yake.

Ng'ambo nako jambo hili lilichelewa. Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea kuanzia mwaka 1854, alitoa kitabu chake cha mashauri ya uuguzi mwaka 1859. Humo alionya kwamba kumwachia mgonjwa chakula kando ya kitanda kutwa nzima, kwa matumaini kwamba atakula baadaye, ni sawa na kumnyima chakula. Tena alitaka kitanda kiwe mahali penye nuru, mgonjwa aweze kutazama nje ya dirisha. Mwisho wa karne ile John Carter wa New Cavendish Street, mjini London, aliuza stendi aliyoiita Literary Machine: mkono wa chuma ulioshika kitabu, taa au chakula juu ya kiti au kitanda, ukazungushwa upendavyo. Wanunuzi wa vitu kama hivyo walikuwa watu wenye nafasi.

Yastahili kumtaja pia mwanamke mmoja wa Ireland, Eileen Gray, aliyejenga nyumba yake kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa kati ya mwaka 1926 na 1929. Kwa nyumba hiyo alibuni mwaka 1927 meza ndogo ya bomba la chuma. Nguzo yake iko upande mmoja tu. Msingi wake wa duara huingia chini ya kitanda, na sehemu ya juu, iliyo ya kioo, hukaa mbele ya aliyelala. Bomba moja huteleza ndani ya jingine, na pini iliyofungwa kwa mnyororo hupita katika tundu ili kushika kimo kinachotakiwa. Husemwa kwamba aliifanya kwa ajili ya dada yake aliyependa kula kifungua kinywa kitandani. Leo meza hiyo huuzwa kwa bei ya pambo, lakini ukiitazama bila fahari utaona ni ile ile meza ya hospitali: nguzo upande mmoja, mguu chini ya kitanda, pini katika tundu.

Mwingine wa kumtaja ni Daktari Ludwig Guttmann. Alikimbia Ujerumani ya Hitler, na mwezi wa Februari mwaka 1944 akafungua wodi ya walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza. Kabla ya hapo wengi wa wagonjwa wa namna hiyo walikufa mapema kwa vidonda vya kulala na maradhi ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha akawapa kazi za mikono, maana aliona kwamba mtu anayengoja tu hufa moyo kabla ya mwili. Kutoka wodi ile ilitoka michezo ya mwaka 1948, ambayo ndiyo chimbuko la Paralimpiki za leo.

Nchini Kenya chama kinachojulikana kwa herufi APDK, cha kuwahudumia wenye ulemavu wa viungo, kilianzishwa mwaka 1958, wakati ugonjwa wa polio ulipokuwa ukiwapoozesha watoto. Jeshi la Wokovu nalo lina shule ya Joyland mjini Kisumu kwa watoto wa namna hiyo. Kwa maoni yetu, tangu siku zile juhudi kubwa zimeelekezwa katika kumfanya mtu atembee: vyuma vya miguu, magongo, viti vya magurudumu. Hatulaumu. Lakini yule ambaye hatatembea tena, na ambaye dunia yake ni upana wa kitanda, amekumbukwa kidogo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vyake. Twaamini ubao wenye kimo kinachofaa ni kimojawapo cha vifaa hivyo.

Sasa twafika penye shida yenyewe. Katika hospitali kubwa, kama ile ya Kisumu iliyojengwa kwa msaada wa Urusi na kufunguliwa siku ile ya huzuni ya Oktoba 1969, ambayo sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, sakafu ni ngumu na sawa, nao uvungu wa kitanda ni mtupu. Meza ya magurudumu hupita bila taabu. Nyumbani kwetu magurudumu yatazama katika sakafu ya udongo. Uvunguni mna sanduku la nguo, sufuria za sherehe, pengine na nyavu, hata mguu wa meza hauna pa kuingia. Upande mmoja wa kitanda umegusa ukuta. Tena pana jambo la kimo. Meza za hospitali kwa kawaida hupanda na kushuka kati ya sentimita 70 na 115 hivi kutoka sakafuni, kwa sababu vitanda vya hospitali ni virefu ili mwuguzi asivunjike mgongo. Mtu aketiye huhitaji meza iliyo karibu na kiwiko chake, yaani kama sentimita 25 juu ya godoro. Godoro likiwa sentimita 50 kutoka chini, meza ifae sentimita 75, na hapo ya hospitali itatosha. Lakini godoro likiwa sentimita 30, kama vitanda vingi vya wazee vilivyokatwa miguu ili washuke kwa urahisi, meza ifae 55. Ile ya hospitali hata ikishushwa mwisho itamfika kifuani, naye atakula kama mtoto aliyekaa kwenye meza ya wakubwa.

Wengine hutumia sinia lenye miguu mifupi linalokaa juu ya mapaja. Kwa mtu mwenye hisi zake si vibaya. Kwa aliyepooza tunalikataa. Godoro la sponji hubonyea, sinia huinama, na uji wa moto ukimwagika juu ya miguu isiyo na hisi huunguza ngozi bila mwenyewe kujua mpaka malengelenge yaonekane. Hata uzito wa sinia ukikaa muda mrefu mahali pamoja huanzisha kidonda.

Shauri letu ni kwamba meza ya nyumbani ipimwe kutoka godoroni, isipimwe kutoka sakafuni, nayo ishikwe na kitanda chenyewe. Vitanda vyetu vya mbao vina mbao nene za ubavuni. Mtu aweza kudhani kwamba nguzo moja ubavuni yatosha, kama ya yule mama wa Ireland. Tupige hesabu. Mgonjwa akiegemea kwa uzito wa kilo 20, sentimita 45 kutoka kwenye nguzo, na nguzo imeshikwa katika kisanduku chenye kina cha sentimita 10, basi nguvu inayovuta kila mwisho wa kisanduku ni ya kilo 90. Kina kikiwa sentimita 30, nguvu hushuka mpaka kilo 30. Misumari ya kawaida haitavumilia ile ya kwanza, na ubao wa ubavuni wenye upana wa sentimita 30 si wa kawaida. Ndiyo maana twapendelea nguzo mbili, moja kila ubavu, na ubao ukilazwa kati yake kama daraja. Upande wa ukutani nafasi ya sentimita nne kati ya kitanda na ukuta yatosha kuingiza nguzo nyembamba.

Wazee wa pwani watacheka, kwa kuwa jambo hili wanalijua. Fundi wa mashua hulaza ubao wa kukalia kutoka ubavu hadi ubavu wa chombo, na mvuvi mzima huketi juu yake katika mawimbi. Fundi huyo huyo, kwa misumeno yake ya kila siku, aweza kuifanya meza hii. Mvule umekuwa adimu na ghali. Grevilea au saiprasi iliyokauka vizuri yatosha, maana meza haiendi majini.

Nguzo zitobolewe matundu, kila moja sentimita tatu juu ya jingine, kuanzia kimo cha sentimita 18 mpaka 36 juu ya godoro, na pini za chuma zifungwe kwa kamba zisipotee. Upande wa kifua ubao ukatwe kama mwezi mwandamo, ili viwiko vipate pa kulala; mkono uliodhoofika kwa kiharusi hufanya kazi zaidi ukiegemezwa. Pande tatu nyingine ziwe na ukingo wa sentimita mbili kuzuia kikombe. Tundu la duara la kushikilia bakuli ni jema kwa atumiaye mkono mmoja, kwa sababu bakuli halitakimbia akimega. Ubao uchomoke wote kwa mara moja, ili mgonjwa ageuzwe na kuoshwa bila kungoja fundi. Na chandarua kishuke nje ya nguzo, kisishikiliwe wazi na ubao, maana mbu wa ziwa hawahitaji mlango mkubwa.

Pasipokuwa na mbao, pana njia ya karatasi. Mwalimu Bevill Packer wa Zimbabwe alieneza ufundi wa kugandisha makaratasi na katoni kuukuu kwa uji wa unga hadi yakawa viti na meza za watoto wenye ulemavu. Kule Mexico nako, katika kijiji cha Ajoya, watu wenye ulemavu wenyewe walianza mwaka 1981 kuwatengenezea wenzao vifaa, na David Werner akaeneza mbinu za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1987. Kwetu karatasi ipakwe rangi ya mafuta pande zote, la sivyo unyevu wa ziwa na mchwa wataimaliza kabla ya mvua za pili.

Mgonjwa wa kiharusi asianze kula mezani kabla mwuguzi hajahakikisha kwamba anameza salama. Aketishwe wima kadiri awezavyo, mgongo ukiegemezwa, abaki hivyo kama nusu saa baada ya kula. Na fundi asikate ubao kwa kukisia. Aende nyumbani kwa mgonjwa, amwone ameketi kama atakavyoketi kila siku, mto ukiwa mahali pake, kisha apime kutoka godoro lililobonyezwa na uzito wake mpaka kwenye kiwiko, na kipimo hicho akiandike juu ya ubao wenyewe kwa penseli, upande wa chini.